Ng'ombe wa Mama

Wanawake wa kikundi walikuja na vigoda vyao. Theopista alipowaona wakipita kwenye migomba, kila mmoja na kigoda kwapani, alijua hawakuja kusalimia. Mtu anayekuja kusalimia huketi pale unapomkaribisha. Anayekuja na kigoda chake amekuja kukaa.

Ilikuwa Jumanne, siku ya marejesho. Kampuni yenyewe ya mikopo ina jina refu lenye neno "maendeleo" ndani yake, lakini huku Uru hakuna anayejisumbua kulitaja; watu wanaiita Jumanne tu. Umeshalipa Jumanne? Jumanne imenimaliza. Watoto wa shule ya msingi wanadhani Jumanne ni mtu, tena mtu mbaya, na sidhani kama kuna haja ya kuwasahihisha. Theopista alikuwa ameshindwa kulipa wiki kadhaa mfululizo, na kila aliposhindwa wenzake walimchangia, kwa sababu ndivyo walivyotia saini: mmoja akikwama, wote wamekwama.

"Hodi, Mama Viki," alisema Gladys, mwenyekiti wa kikundi, akiwa tayari ameshaingia uani.

"Karibuni."

"Tumeshakaribia."

Walipanga vigoda mbele ya banda la ng'ombe, pale penye kivuli. Theopista akafanya alichofundishwa na mama yake: akachochea moto, akabandika chai. Huwezi kuacha watu waketi uani kwako mikono mitupu, hata kama wamekuja kukunyonga. Maziwa yalikuwa ya asubuhi ile ile, mazito, na wale wanawake walikunywa chai yao kimya huku wakimtazama ng'ombe aliyeyatoa. Hakuna aliyesema chai ni nzuri. Siku nyingine wangesema.

Karibu kabisa na banda aliketi Bibi Mektrida. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kikundini, mjane, mgongo umeshaanza kupinda. Aliingizwa tu kwa sababu kampuni ilitaka watu kumi na wao walikuwa tisa. Alikopa kidogo kuliko wote na alilipa kabla ya wote, kwa hela ya kitalolo alichopika na viazi vikuu alivyouza barabarani. Alimwangalia ng'ombe miguuni kwa muda mrefu.

"Kwato zimerefuka," alisema. "Zisipokatwa ataanza kuchechemea."

"Bibi naye," mmoja akacheka, "anamkagua kama wake."

Bibi Mektrida akapuliza chai yake.

Ofisa mikopo alifika kwa miguu, pikipiki ameiacha barabarani. Aliitwa Tito, kijana wa mjini mwenye shati lenye nembo ya kampuni na viatu visivyojua matope. Aliwaamkia wote shikamoo kwa adabu kamili, na kwa adabu hiyo hiyo akafungua mkoba wake.

"Mama zangu, mimi sina noma na mtu. Mama Viki ni mtu poa kabisa. Ila sistimu inasoma nyekundu, na sistimu haina huruma." Akashusha macho kwenye karatasi. "Dhamana tuliyoandika hapa ni seti moja ya makochi, redio, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Makochi niliyaona siku ile, samahani mama, hayo hayafiki popote. Tunabaki na ng'ombe."

Theopista alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, birika mkononi. Hakukuwa na mtu wa kumwongezea chai, lakini hakujua aliweke wapi.

"Nipeni muda kidogo," alisema. "Baba Viki yuko kwenye kazi ya ujenzi Majengo. Atalipwa."

"Alikuwa atalipwa mwezi uliopita," alisema Gladys. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliouma. "Mama Viki, mimi sikuchukii. Lakini hela ya mbolea yangu imeishia kwako. Mahindi yamekuwa njano, mume wangu ananiuliza kulikoni, namwambia ni mvua. Mpaka lini nitaisingizia mvua?"

Theopista akatazama chini. Alikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kumpa mtu ambaye mahindi yake yamekuwa njano. Hakukopa kwa anasa. Hakujinunulia hata kanga moja. Alikopa mara ya kwanza Viki alipochaguliwa kidato cha tano, godoro, sanduku, sare, michango isiyokwisha. Biashara yake ya ndizi sokoni ingelipa, na kwa miezi michache ililipa kweli. Kisha ndizi zikashuka bei, akakopa kwenye simu ili alipe Jumanne, halafu akakopa kwenye simu nyingine ili alipe simu ya kwanza. Kosa lake lilikuwa hilo tu, nalo lilitosha: aliona deni jipya kuwa ni dawa ya deni la zamani, na kila alipolinywa alipata nafuu ya siku mbili.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," mtu mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

"Mpeni mpaka Ijumaa," alisema Bibi Mektrida.

Wote wakageuka.

"Ijumaa si mbali," akaendelea bibi. "Ng'ombe hatakimbia. Mtu akinyimwa hata siku tatu za kuhangaika, atasema tulimwonea."

Kwa heshima ya mvi zake wakakubali. Tito akaandika Ijumaa. Wanawake wakarudisha vikombe, wakabeba vigoda vyao, na Theopista akamfuata bibi hadi kwenye migomba kumshukuru. Alidhani ni huruma ya kizee. Bibi Mektrida alimwangalia usoni kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha akasema tu, "Kata hizo kwato."

* * *

Sirili, mumewe, alirudi kabla giza halijaingia, suruali imekakamaa kwa saruji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache huaminiwa siri, ambalo si jambo jema kila mara. Theopista alimwekea maji ya kuoga, akamwekea chakula, akamwacha ale. Alipomaliza akamweleza yote kwa mkupuo, bila kumtazama.

Sirili alisikiliza habari za Jumanne. Alizijua nusu. Alisikiliza habari za simu, ambazo hakuzijua, akatikisa kichwa. Aliposikia neno ng'ombe aliacha kutikisa.

"Umeandika ng'ombe?"

"Ndiyo dhamana tuliyonayo, Baba Viki. Ningeandika nini? Kihamba? Kihamba ni shamba la ukoo."

"Umeandika ng'ombe," alirudia. "Hukuniuliza."

"Ulikuwa Arusha kwenye kazi. Na nikuulize nini? Mwenyewe umesema siku zote, huyu ni ng'ombe wa mama. Mama amekufa, Mungu amrehemu, wewe ndiye mwanawe wa pekee. Ni ng'ombe wako."

Sirili akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akachungulia nje, akaufunga.

"Ng'ombe wa mama," alisema kwa sauti ya chini. "Si mama mzazi. Mama Mektrida."

Theopista alibaki amemkodolea macho. Bibi Mektrida alikuwa mama wa ubatizo wa Sirili. Alimshika kwenye kisima cha ubatizo, alimfundisha sala, na Sirili hakuwahi kumwita jina lingine ila mama. Kijiji kizima kinamwita bibi. Mtu mmoja tu anamwita mama, na mke wa mtu huyo aliishi naye miaka yote hiyo bila kuuliza ni mama yupi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wageni hawalijui na wenyeji hawalisemi. Huku mlimani ng'ombe aliye bandani kwako si lazima awe wako. Mtu anaweza kuweka ng'ombe wake kwa mwenzake amfugie: mfugaji anakula maziwa na kupata mbolea, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe. Hakuna karatasi wala shahidi. Na kanuni yake kubwa ni kufunga mdomo, kwa sababu mara nyingi ng'ombe hufichwa huko ili ndugu wenye njaa wasimwone. Kwa hiyo hatuulizani. Unaweza kunywa maziwa kwa jirani yako nusu ya maisha yako bila kujua yametoka kwa ng'ombe wa nani, na kuuliza ni utovu wa adabu.

"Alimweka kwa mama yangu," Sirili alisema, "na mama akaniachia mimi pale kitandani hospitali. Niliapa. Wensi asijue."

Wenseslaus, au Wensi, ni mtoto wa Bibi Mektrida, mtu mzima, mtu wa mikeka ya kubeti. Alikuwa ameshauza kahawa ya mama yake ikiwa bado mtini, akauza kitanda, akauza bati za jiko na kuzijaza hela zote kwenye matokeo ya mpira wa Ulaya. Ng'ombe ndiye kitu pekee alichokuwa hajakiuza, kwa sababu hakujua kwamba yupo.

"Ni wa nini, huyo ng'ombe?" Theopista aliuliza. "Bibi ana ugonjwa? Anataka matibabu?"

"Wa kumzika. Anasema hataki kuzikwa kwa michango. Hataki mtu aseme nilimnunulia sanda Mektrida. Anataka achinjwe ng'ombe wake, watu wale, waende zao, asidaiwe na mtu."

Theopista akakumbuka chai. Akakumbuka yule bibi alivyopuliza kikombe wenzake wakimcheka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akakaa chini sakafuni pale pale, na Sirili hakumwinua.

* * *

Alhamisi Theopista alishuka Moshi na maziwa na mikungu miwili ya ndizi mshare. Sirili alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuomba malipo ya kazi na kutafuta mtu wa kumuuzia mashine yake ya kukatia vigae.

Mteja mkubwa wa Theopista alikuwa Sulochana, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu. Sulochana alichukua maziwa yake mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mtindi, na hakuwahi kumkopa hata shilingi, jambo ambalo kwa wateja wa mjini ni muujiza mdogo. Aliyapima maziwa kwa kikombe chake mwenyewe, kama kawaida, akayaonja kidoleni.

"Ya kwako tu ndiyo yanaganda vizuri, Mama Viki. Ya wengine maji."

"Mama, nina shida," alisema Theopista. "Naomba unilipe maziwa ya mbele. Miezi mitatu. Nitaleta bila kukosa."

Sulochana alimtazama, kisha akatazama kule mumewe alikokuwa akihudumia wateja. "Mtoto anaumwa?"

"Ada."

Uongo ule ulitoka mwepesi, kwa kuwa zamani ulikuwa kweli. Sulochana akafungua droo, akaanza kuhesabu noti juu ya kaunta, akizinyoosha kwa kiganja. Alikuwa anakaribia kumaliza simu yake ilipolia mlio wa meseji. Akaitazama. Akaisoma tena. Kisha akamgeuzia Theopista kioo, si kwa hasira, kama mtu anayeonyesha barua iliyofika nyumba isiyo yake.

NDUGU, THEOPISTA NI MDAIWA SUGU. AMEKIMBIA DENI. WEWE UMETAJWA KUWA NI MTU WAKE WA KARIBU. MSHAURI ALIPE LEO KABLA HATUJAMCHUKULIA HATUA.

"Hawa wa mikopo ya simu wanachukua namba zote za mtu," Theopista alisema. "Sikukutaja, mama. Naapa."

"Najua. Siku hizi wanafanya hivyo."

"Wametuma mpaka kwa katekista."

"Najua," alirudia Sulochana. Lakini mkono wake ulikuwa umeshazirudia noti, ukazigawa, ukarudisha fungu kubwa ndani ya droo taratibu, kana kwamba ungefanya polepole lisingeonekana. "Tuanze na mwezi mmoja. Halafu tutaona. Sawa?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma meseji.

"Sawa, mama. Asante. Maziwa hayatakosekana."

Alipofika mtaa wa pili ndipo akajua alichokifanya. Ameuza maziwa ya ng'ombe asiye wake, ambaye kesho angechukuliwa, ili apunguze deni aliloliwekea dhamana ya ng'ombe huyo huyo. Alisimama kando ya duka la viatu akacheka peke yake, kicheko kibaya, mpaka mlinzi akamuuliza kama anatafuta mtu.

Sirili alirudi jioni na malipo nusu. Mashine alikuwa nayo bado begani; walioitazama walisema ni nzuri, kisha wakataja bei ya kumtukana. Waliweka kila kitu mezani. Haikufika hata theluthi.

"Nenda kwa bibi usiku huu umwambie," alisema Theopista.

"Nimetoka huko. Wensi alikuwa barazani. Nilisalimia, nikaondoka."

* * *

Ijumaa walikuja tena na vigoda, ila safari hii hawakuketi. Tito alikuja na dalali wa ng'ombe kutoka Kiboriloni, mtu mfupi mwenye fimbo na koti la mvua. Dalali alikuja na mtu wa kumswaga ng'ombe mpaka barabarani, na mtu huyo, mwenye kamba mpya begani, alikuwa Wensi.

"Shikamoo, mama," Wensi alimwamkia mama yake aliyekuwa katikati ya wanawake.

"Marahaba. Na wewe umo."

"Natafuta riziki, mama. Si unanisemaga kila siku sifanyi kazi?"

Theopista akatoa hela zote walizonazo, akampa Gladys, Gladys akampa Tito. Tito akahesabu, akashukuru, akasema zimepunguza faini. Dalali alikuwa ameshaingia bandani. Alimpapasa ng'ombe mbavuni, akamfunua mdomo, akamnyanyua mguu.

"Kwato mbovu," alisema. "Laki tisa."

"Ng'ombe wa maziwa laki tisa?" alisema Sirili. "Hata nyama yake inazidi."

"Basi muuze nyama."

Wanawake wakanong'onezana. Walijua ni wizi, lakini laki tisa ilifuta deni na wao wangerudi kulala. Gladys alimtazama Theopista kwa macho ya kuomba radhi, akatikisa kichwa kukubali.

Hapo Sirili akasimama mlangoni mwa banda. Mkono mmoja uliushika mhimili wa kulia, mwingine wa kushoto.

"Ng'ombe huyu si wangu," alisema.

Mmoja akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikazunguka uani.

"Baba Viki," alisema Gladys, "sote tunakuheshimu. Usijishushe. Siku ya kudaiwa, kila mtu ng'ombe wake si wake."

"Si wangu. Nimewekewa."

"Fresh," alisema Tito, akiwa bado na adabu. "Ni wa nani, mzee? Taja jina. Mwenyewe aje aseme mbele ya hawa mama, na mimi namwacha ng'ombe wake. Sheria haichukui mali ya mtu mwingine."

Sirili alifungua mdomo. Mbele yake, hatua chache tu, Wensi alikuwa ameshusha kamba begani na anasikiliza kwa makini mno, kichwa kimeinama upande mmoja. Mtu wa mikeka ana pua. Sirili akafunga mdomo. Jasho lilimtoka usoni kwenye baridi ile ya asubuhi, mtu mzima na mvi zake, akitazamwa kama mtoto aliyekutwa na yai la jirani mfukoni.

Theopista hakuweza kuvumilia. "Ni wa..." alianza.

"Ni wa kwao," alisema Bibi Mektrida.

Alisogea mbele kidogo, akiegemea fimbo yake. "Mwacheni Sirili, anasikia uchungu tu. Ng'ombe ni wao. Mimi nilimwona akizaliwa kwenye banda hili hili. Hana mwenyewe mwingine."

Huenda msomaji atamwona mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu yake tangu Jumanne, akapiga tena alipoona kamba begani kwa mwanawe. Akisema ng'ombe ni wake, anabaki leo, na kabla ya Jumapili Wensi amemgeuza mkeka. Akinyamaza, ng'ombe anakwenda, lakini wanabaki watu wawili duniani wanaojua kwamba wanadaiwa, na watu hao wana haya. Aliona mdaiwa mwenye haya ni akiba bora kuliko ng'ombe anayejulikana na Wensi.

Sirili akaondoa mikono yake kwenye mihimili, kwanza mmoja, kisha mwingine.

Ng'ombe alikuwa hajatoka banda lile miaka mingi. Alisita kizingitini, akapepesa macho kwenye mwanga, akaweka miguu ngumu. Wensi akamvuta, kisha akainua fimbo ya dalali.

"Usimpige," alisema mama yake. "Nenda naye polepole. Ana miguu mibaya."

Wakapita naye kwenye migomba. Tito akakata deni, akakata faini, akakata kitu alichokiita gharama za ufuatiliaji, akamkabidhi Theopista kilichobaki na kumwomba aweke sahihi. Wanawake walimpa mkono mmoja mmoja kabla ya kuondoka. Gladys alimkumbatia, akasema pole, na alimaanisha.

* * *

Ng'ombe wa kuwekewa akifa, unapeleka ngozi kwa mwenyewe ili aone kwamba hukumla kwa siri. Akichukuliwa na Jumanne, hakuna kinachopelekwa. Wazee hawakuacha utaratibu wa jambo hilo. Theopista aliliwaza usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi akaenda kwenye masale yanayozunguka kaburi la mama mkwe wake, akakata jani moja bichi, akalifunga fundo.

Huku kwetu isale halikataliwi. Mtu aliyekukosea vibaya namna gani akija na isale lenye fundo, ukalipokea, yameisha, na kulikataa ni kujitakia laana. Ndugu waliokatana mapanga kwa mpaka wa shamba wamepatana kwa jani hilo. Theopista alilishika kwa mikono miwili njia nzima, mumewe akimfuata nyuma.

Bibi Mektrida alikuwa ameketi nje akimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Ndani Wensi alikuwa anakoroma. Malipo aliyopewa na dalali yalikuwa yameshakuwa pombe ya mbege. Bibi akawaonyesha wasogee mbali na mlango.

"Shikamoo, mama," alisema Theopista. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Akapiga magoti, akamnyooshea isale.

Bibi Mektrida akaweka kisu chini. Akafuta mikono yake kwenye kanga, akailaza mapajani, ikabaki hapo.

"Lirudishe," alisema.

"Mama, isale halikataliwi," alisema Sirili.

"Nalijua kabla yako. Ndiyo maana siligusi. Nikilishika tu, nimewasamehe, tunakunywa mbege, tunaachana. Jani ni la kosa." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira. "Mimi sikukosewa. Mimi nawadai."

Theopista alibaki na jani mikononi. Alikuwa amejiandaa kulia, na machozi yakakosa pa kwenda.

"Tutalipa, mama," Sirili alisema. "Tupangie siku."

"Siku siijui mimi. Ni siku ya kunizika." Akachukua kisu, akarudi kwenye ndizi zake. "Siku hiyo nataka ng'ombe awe amefungwa pale uani, kabla hawajaanza kupitisha kikapu cha michango. Mkiweza kumpata kesho, kesho. Mkichelewa, mtajua nyie na Mungu. Na Wensi asijue mpaka nimeshalala."

Walishika njia ya nyumbani. Walipofika kwenye mfereji, simu ya Theopista ilitetemeka. Akasoma. HONGERA THEOPISTA. UMEMALIZA MKOPO WAKO. SASA UNA SIFA YA KUPATA MARA MBILI. JIBU NDIYO.

Mara mbili ilitosha kununua ng'ombe. Ng'ombe mzuri, mwenye kwato nzima, leo hii, na wangemfunga bandani kwao kabla jua halijazama. Theopista aliduwaa kando ya maji, kidole kikielea juu ya kioo.

"Ni nani?" aliuliza Sirili.

"Jumanne."

"Wanasemaje?"

"Wananipongeza."

Theopista akampa simu ile, pamoja na lile jani. "Kaa nayo wewe," alisema. "Mimi mikono yangu siiamini."

Mwezi huo alinunua maziwa lita kwa lita kwa majirani, kwa bei kubwa kuliko aliyolipwa, ili maziwa ya Sulochana yasikosekane. Kwa zile hela alizorudishiwa na Tito, baada ya kulipa mikopo ya simu, na kazi za Sirili, walinunua ndama jike wa kumlipa bibi kabla ya masika, mdogo, mbavu nje. Theopista alimkatia majani mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kushuka sokoni, alipita kwa Bibi Mektrida kumjulia hali: amelalaje, amekula nini, kifua kikoje. Jumuiya ilimsifu. Gladys alimtaja kwenye sala kama mfano wa kuwapenda wajane.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, bibi akaanza kukohoa. Theopista alimpelekea uji wa moto, akamfunika blanketi la kwake, akaita bodaboda ya kumpeleka zahanati na akalipa mwenyewe, na dawa akalipa. Wanawake waliokuwepo walisema hata binti wa kumzaa asingefanya hivyo. Theopista alirudi nyumbani mbio, akaenda moja kwa moja bandani, akasimama ubavuni mwa ndama, akajipima naye. Ndama alikuwa bado hajamfika kiunoni.